Fundi wa Tanga na Pindo la Hadithi

Barua ya mwezi huu imetoka Tanga, kwa mama ambaye amekuwa fundi cherehani kwa zaidi ya miaka thelathini na ambaye ameomba jina lake lisitajwe. Tutamwita Bi Fundi, kama wateja wake wanavyomwita. Mdogo wake alipohamia Muscat kuwafuata watoto wake alimwachia sanduku la vitabu, na tangu masika ya mwaka jana Bi Fundi amekuwa akivisoma dukani, kimoja baada ya kingine, saa za jioni wateja wanapopungua. Barua yenyewe ni kurasa tisa za daftari zilizoandikwa pande zote mbili, kwa hiyo tumeigawa vipande na kujibu kila kipande mahali pake. Tulichopunguza ni salamu na malalamiko kuhusu bei ya vitambaa.

SWALI: Mhariri, mimi si mwanazuoni wa fasihi. Niliishia darasa la saba, na mengine niliyoyajua baada ya hapo nilifundishwa na sindano. Katika kazi yetu, mteja mgeni huitazama nguo kifuani, penye lasi na vifungo, lakini mteja mzoefu huigeuza na kulikagua pindo, kwa sababu fundi mvivu huchoka mwishoni na uchovu wake hauna mahali pengine pa kujificha. Nami hadithi nazikagua vivyo hivyo. Katika sanduku hili la vitabu kumi na viwili nimekutana na watu watatu waliojiua: Rosa katika Rosa Mistika, Kazimoto katika Kichwamaji, na Okonkwo katika Shujaa Okonkwo. Wa kwanza nilimlilia. Wa pili nilimkasirikia. Wa tatu aliniacha kimya, nikazima taa ya duka na kwenda nyumbani bila kufunga hesabu za siku. Je, waandishi hawa walikosa namna nyingine ya kukunja pindo isipokuwa kukikata kitambaa?

JIBU: Shikamoo, Bi Fundi. Swali lako limekuja na nusu ya jibu lake, kwa maana vifo vitatu vya aina moja vingekutia hisia ya aina moja, nawe umepata tatu zisizofanana. Tuanze na Rosa. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, na kijiji hichohicho ndicho alichompa Rosa. Riwaya ilitoka mwaka 1971, mwandishi akiwa bado kijana wa umri wa miaka ishirini na kitu, ikazuiwa kusomwa shuleni kwa sababu ilisema waziwazi mambo ambayo wakubwa walipendelea yabaki chini ya mto, kisha miaka ilipopita ikaingizwa darasani na kuwa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa sana nchini. Nakuomba urudi kwenye kurasa za mwanzo, pale Zakaria anapompiga binti yake kipigo kikubwa kwa ajili ya barua ya mvulana. Tangu siku hiyo Rosa anajifunza kumwogopa mwanamume, na hofu si elimu. Anapofika chuoni Morogoro, mbali na macho ya baba, hana kipimo chochote alichofundishwa nyumbani isipokuwa fimbo, na fimbo imebaki Ukerewe. Kwa hiyo pindo lake lilianza kupigwa bandi kwenye kipigo kile, kabla hata msomaji hajajua kwamba kitu kinashonwa. Ninachokubaliana nawe ni kwamba sehemu ya mwisho inakimbia. Mwandishi aliyetembea kwa utulivu kutoka kijijini hadi chuoni anaanza ghafla kuhesabu misiba kama mtu anayewahi basi, na machozi yako, kama yangu, yalimwagika kwa ajili ya Rosa wa kurasa za katikati zaidi kuliko Rosa wa kurasa za mwisho.

Kazimoto ni jambo jingine. Kichwamaji ilitoka mwaka 1974, na hapa msimulizi ni Kazimoto mwenyewe, kijana wa chuo kikuu anayerudi kwao akiwa amekwisha kuwa mgeni, asiyeweza kuwaamini wazee wala kujiamini mwenyewe. Umekaa ndani ya kichwa chake riwaya nzima, umesikia kila wazo lake likiinuka na kuanguka, kisha akakuondokea. Hasira uliyoipata ndiyo ambayo wengi wetu tumeipata kwa ndugu aliyefanya hivyo, hasira ambayo msibani hairuhusiwi kutajwa. Hata hivyo sitamtetea mwandishi kwa kila kitu: kuna mahali ninapohisi kwamba Kazimoto alikabidhiwa jibu lake kabla ya kuulizwa swali, na kwamba matukio yaliyofuata yaliletwa ili kulithibitisha.

Okonkwo ndiye aliyekunjiwa pindo kwa mkono wa fundi mkubwa. Chinua Achebe alikitoa kitabu chake kwa Kiingereza mwaka 1958, na Clement Ndulute akakitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1973. Tazama kwamba kifo si tendo la mwisho la kitabu. Kwa mila ya watu wake, aliyejiua amefanya chukizo dhidi ya ardhi, na nduguze hawaruhusiwi kumgusa. Inabidi wageni waombwe kumteremsha na kumzika mtu aliyepata kuwa miongoni mwa wakubwa wa kijiji. Kisha mkuu wa wilaya wa Kiingereza anaondoka akiwaza kwamba habari za mtu huyu zingeweza kujaza sura nzima ya kitabu anachokusudia kuandika, au pengine aya moja tu ingetosha. Wewe uliyetoka kusoma maisha yake yote unaambiwa kwamba kuna kitabu kingine ambamo atakuwa aya. Sioni ajabu kwamba hesabu za duka hazikufungwa siku ile.

SWALI: Nina mabinti wawili, na labda ndiyo sababu Utengano ya Said Ahmed Mohamed imenigusa kuliko Rosa Mistika. Maimuna naye amefungiwa ndani na baba, naye anapotoka anapotea, lakini mwandishi hakumwua. Hata hivyo nina shaka na baba huyo, Bwana Maksuudi. Mtu aliye mwovu kuanzia kisigino hadi utosini, bila hata uzi mmoja wa rangi nyingine, sijapata kumpima dukani kwangu, na wateja wangu wamo wa kila aina. Mwenzangu wa duka la pili anasema ninamtetea dhalimu. Nani kati yetu ana haki?

JIBU: Mna haki nyote, kila mmoja kwa upande wake. Riwaya hizi mbili zilizotengana kwa miaka tisa, maana Utengano ilitoka mwaka 1980, hukaa vizuri zikisomwa kwa kufuatana, kwa sababu zinauliza swali lilelile: binti aliyezuiliwa asijue dunia atafanya nini siku mlango utakapofunguliwa? Tofauti imo kwa baba. Zakaria ni mlevi maskini ambaye ukali wake umechanganyika na aibu yake mwenyewe, na ndiyo maana hata msomaji anayemchukia hushindwa kumtupa. Maksuudi ni tajiri, ni mtu wa siasa, ni mcha Mungu mbele ya watu na mnyang'anyi nyuma ya pazia, na mwandishi amemtumia kuwasema watu wa tabaka lake wote kwa mpigo. Mwenzako anasoma tabaka. Wewe unamtafuta mtu. Fasihi ya Kiswahili ya miaka ile ilijaa wahusika wa namna hiyo, waliobeba kosa la jamii nzima mgongoni, na waliobeba mzigo mkubwa hivyo mara nyingi hawakubakiwa na nafasi ya kuwa na nafsi.

Lakini usimpite Bi Farashuu haraka. Yeye ndiye anayeufungua mlango wa Maimuna, naye hafanyi hivyo kwa huruma. Ana kisasi chake cha zamani na Maksuudi, na binti anakuwa chombo cha kisasi hicho. Mwandishi alimpa bibi huyu sababu, hila, ucheshi na maumivu, yaani vyote alivyomnyima Maksuudi. Ukitaka kujua kwamba Said Ahmed Mohamed aliweza kumshona mtu kamili alipotaka, mtazame yeye. Kuhusu kumwacha Maimuna hai, naona huo ulikuwa uamuzi mgumu zaidi kuliko kumwua, kwa sababu mhusika aliyekufa husamehewa na kila mtu, na aliyebaki lazima atafutiwe mahali pa kukaa katika jamii ileile iliyomsema.

SWALI: Sasa niungame. Kitabu nilichokifurahia kuliko vyote ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Nilikimaliza kwa siku mbili, gauni la bibi harusi likiwa bado mezani. Bwana Msa anavuta kiko, anatazama, hasemi, na mwishoni kila uzi unafungwa fundo. Mwalimu mmoja ninayemshonea suti aliniambia kwamba hiyo ni fasihi pendwa, ya kupotezea wakati, si fasihi ya dhati. Nilimrudishia suti yake bila kumjibu, lakini neno limenikaa. Je, nimependa kitabu kidogo?

JIBU: Mwambie mwalimu, atakapokuja kuchukua suti nyingine, kwamba kitabu hicho kilishinda shindano la uandishi la Idara ya Fasihi ya Afrika Mashariki la mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960, na kwamba mtu anayetaka kusikia Kiswahili cha Unguja kikizungumzwa na watu walio hai, wenye mizaha, vijembe na mafumbo yao, hana njia fupi zaidi ya kufika huko. Abdulla alikuwa mwandishi wa habari, na sikio lake lilijua jinsi mtu anavyosema anapoficha jambo. Fumbo la mauaji mahali penye mzimu lilimpa pia nafasi ya kuziweka hofu za kale na akili ya uchunguzi kwenye chumba kimoja, halafu akamwacha Bwana Msa aendeshe mazungumzo. Kwamba alijifunza kwa Sherlock Holmes si siri, kwani kiko na yule rafiki mwaminifu, Najum, vinatosha kuonyesha. Lakini uwezo wa Bwana Msa wa kupiga soga mpaka mtu ajisaliti kwa ulimi wake ni wa barazani kabisa.

Nitakupinga mahali pamoja tu. Unalisifu pindo lake kana kwamba ni la juu kuliko la Achebe, na hapo kipimo chako kinakudanganya. Hadithi ya upelelezi huahidi tangu ukurasa wa kwanza kwamba kila kitu kitaelezwa, na mwandishi anayetimiza ahadi hiyo ametimiza deni lake, kama fundi aliyeitoa nguo siku aliyosema. Jaribu kukisoma tena baada ya mwaka. Ukiona kwamba, hata muuaji ukishamjua, bado unacheka palepale ulipocheka, basi kilichokushika kilikuwa lugha, na hapo hakuna mwalimu atakayekuambia kitu. Kwangu jaribio hilo Mzimu wa Watu wa Kale kinalipita, na Kisima cha Giningi cha mwaka 1968 kinalipita vizuri zaidi. Ukiwa na hamu ya mwendo wa kasi tafuta Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, au vitabu vya Elvis Musiba vyenye Willy Gamba wake asiyeshindwa. Hivyo, nakiri, nilivisoma usiku mmoja mmoja nikiwa kidato cha pili, na sijahisi haja ya kuvirudia.

SWALI: Nagona nimeisoma mara mbili. Ni nyembamba, inaingia mfukoni, lakini sikuiona mbele wala nyuma. Je, kosa ni langu?

JIBU: Si lako, wala si la kitabu. Kezilahabi alipoitoa Nagona mwaka 1990, na Mzingile mwaka 1991, alikuwa amekwisha kuachana kwa makusudi na namna ya kusimulia uliyoizoea kwake: mahali hapana jina, wakati hauendi mbele, na wahusika wanaongea kama watu wa ndotoni au wa vitabu vitakatifu. Kipimo cha pindo hakifai hapa kwa sababu hii si nguo. Ni kitambaa kilichotandazwa ukitazame. Kisome kwa sauti, ukurasa mmoja kwa siku, kama unavyosikiliza shairi usilotakiwa kulieleza. Ukikichoka tena, kirudishe sandukuni bila aibu. Wapo walimu wa fasihi waliokifundisha miaka mingi na ambao hawakubaliani hata kidogo kuhusu maana yake.

SWALI: Adam Shafi ana vitabu viwili humu. Kuli nilikiheshimu, Vuta N'kuvute nilikipenda, na nimejiuliza sana tofauti ya maneno hayo mawili. Katika Kuli nilihisi nimekaa mkutanoni. Katika Vuta N'kuvute nilihisi nimekaa chumbani kwa Mwajuma, nasikia uvundo wa nyumba na harufu ya udi kwa pamoja. Lakini Yasmin na Denge hawakuishia pamoja, na hapo nilimlaumu mwandishi, kwa sababu alinifanya niwatakie mema halafu akaninyima.

JIBU: Tofauti ya kuheshimu na kupenda umeieleza vizuri kuliko nilivyoweza kuieleza mimi, na nadhani miaka ishirini iliyo kati ya vitabu hivyo inafafanua sehemu kubwa. Kuli ilichapishwa mwaka 1979. Inatokana na tukio la kweli, mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948, ulioanzia kwa makuli na kuusimamisha mji, na Rashidi, mtoto wa kuli aliyerithi kazi na umaskini wa baba yake, amewekwa katikati ili msomaji auone mgomo ukizaliwa ndani ya mtu mmoja. Kurasa za gatini, za magunia na matishali na migongo inayochubuka, bado hazina mfano. Tatizo ni kwamba Rashidi akishaamka kifikra anaanza kuzungumza kama kijitabu cha chama, na hapo ndipo ulipojikuta mkutanoni. Mwandishi aliogopa kwamba tusipoambiwa hatutaelewa.

Kufikia mwaka 1999, ilipotoka Vuta N'kuvute, hofu hiyo ilikuwa imemwondoka. Siasa ni zilezile, kwa kuwa Denge ni kijana aliyesoma Ulaya ya Mashariki na anawindwa na makachero wa serikali ya kikoloni, lakini safari hii siasa inaingia ndani ya nyumba ikiwa imejifunga kanga. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza aliyemzidi umri mno, anamkimbia mumewe, anakataliwa na wazazi na jamaa zake, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini mwenye chumba kimoja na moyo usiouliza maswali. Hakuna hotuba katika riwaya hiyo inayosema juu ya ukabila na utabaka zaidi ya yale yanayosemwa na wanawake hao wawili wakigawana kitanda. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa filamu kutokana na kitabu hiki, na mtu aliyeiona kabla ya kusoma huja na picha nzuri sana za mji kichwani. Mimi ningependa msomaji aje na Mwajuma kwanza.

Kuhusu Yasmin na Denge, sikubaliani nawe kabisa, Bi Fundi. Jina la kitabu lilikwisha kukuonya. Mtu aliyeahidi maisha yake kwa harakati za siri, anayelala leo hapa na kesho jela, hawezi kumpa mwanamke nyumba, na Yasmin aliyevunja ndoa moja kwa kuwa haikuwa na nafasi yake asingepata nafasi kubwa zaidi katika maisha ya mtu ambaye hata jina lake linatafutwa. Kama angewaoza, ungefurahi jioni ile, na asubuhi ungeuliza wataishi wapi. Kukutakisha jambo na kisha kukuonyesha kwa nini haliwezekani si kukunyima. Ni kukuchukulia kuwa mtu mzima.

SWALI: Vitabu viwili vya nyumbani nitavisemea kwa kifupi. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert ni asali, ila nyingine imezidi. Hata maskini ndani yake wanaongea kama mahakimu. Siku Njema ya Ken Walibora imeanzia hapahapa Tanga, na mama wa yule kijana ni mwimbaji wa taarabu. Nimewashonea waimbaji wa taarabu ujanani mwangu, nikataka kumkamata mwandishi kwa makosa. Sikumkamata. Lakini je, bahati yote ile ya mwishoni inatokea kwa nani?

JIBU: Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, ni hadithi ya aina ya zile za Alfu Lela u Lela, na ndani ya nyumba ile kila mtu huzungumza kwa hadhi, hata manyani wawili wanaopigwa kila usiku na ndugu yao aliyelazimishwa kuwapiga. Ukitaka Shaaban Robert mwenye makali zaidi tafuta Kusadikika, iliyotangulia mwaka mmoja, ambamo Karama anasimama mbele ya baraza akituhumiwa na waziri, naye anajitetea kwa kusimulia. Mzee wetu wa Vibambani hakuwa na sukari peke yake.

Kuhusu Siku Njema, bahati ya mwishoni ni nyingi, ndiyo. Kitabu kilipotoka mwaka 1996 kiliwafikia vijana wengi wa Kenya kupitia darasani, na watu wazima wa leo bado humtaja Msanifu Kombo, aliyebandikwa jina la Kongowea Mswahili, kama mtu waliyesoma naye. Nafikiri sababu ni ile safari ndefu ya mtoto kutoka pwani hadi bara kumtafuta baba asiyemjua. Msomaji aliyetembea naye mwendo wote huo huwa amechoka vya kutosha kuikubali bahati bila kuikagua, na sijui kama tunapaswa kumdai risiti.

SWALI: Peponi ya Abdulrazak Gurnah imenikera. Nilikuwa nimeshikilia pumzi, Yusuf anakimbia, nikafungua ukurasa ufuatao na hapakuwa na ukurasa. Nilidhani kitabu kimechanika. Nilimpigia simu mdogo wangu Muscat, akacheka. Je, hilo ni pindo, au fundi aliitwa nje akasahau kurudi?

JIBU: Ndilo pindo, na ni mojawapo ya yale ambayo nimeyarudia mara nyingi. Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alikichapisha kitabu hiki kwa Kiingereza mwaka 1994. Baada ya kupata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, kilitujia kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, kazi ambayo kwa maoni yangu ilikuwa kukirudisha kitabu nyumbani kuliko kukihamisha, kwa sababu watu wake, misafara yao na hata matusi yao vilikuwa vimefikiriwa kwa lugha hii tangu mwanzo.

Kumbuka jinsi kinavyoanza. Yusuf ni mtoto anayechukuliwa na tajiri Aziz, ambaye amezoeshwa kumwita ami, na inachukua muda kabla Khalili wa dukani hajamweleza kwamba huyo si ami yake bali ni mdai wa baba yake, na kwamba yeye Yusuf ni rehani. Kuanzia hapo kila mtu humpeleka anakotaka: dukani, bara, kwa mfanyabiashara mwingine, kwenye msafara unaoingia magonjwa na vita, kwenye bustani ambayo si yake. Hachagui lolote. Kisha askari wa Wajerumani wanapita wakikamata watu, na wanapoondoka Yusuf anasikia mlango wa bustani ukifungwa nyuma yake, anatazama huku na huku, anawakimbilia. Ni mara ya kwanza miguu yake inakwenda kwa amri yake mwenyewe, na anakokimbilia ni kwenye jeshi la watu wanaokuja kuitwaa nchi nzima kama yeye alivyotwaliwa.

Kama Gurnah angeongeza ukurasa mmoja, ungejua kama Yusuf aliishi au alikufa, na hilo lingekuwa jambo dogo zaidi kuliko unalolijua sasa. Wewe mwenyewe umeandika kwamba ulipiga simu ng'ambo ya bahari kwa ajili ya ukurasa ambao haupo. Hakuna kitabu kingine katika sanduku kilichokugharimu muda wa maongezi. Ila kero yako naielewa. Kuna waandishi wengi wanaoukata uzi kwa sababu umewaishia, wakataka tuuite ustadi, na msomaji makini anafanya vyema kuwa na shaka. Namna ya kuwatofautisha ni kurudi ukurasa wa kwanza na kuuliza kama mwisho huu ungeweza kushonwa kwenye mwanzo mwingine wowote. Wa Yusuf hauwezi.

SWALI: Kimebaki kimoja, na ndicho kinene kuliko vyote: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza. Nimefika kama robo. Hakuna kinachotokea, Mhariri. Mtu anapika pombe. Anapika pombe kurasa na kurasa, na mimi situmii pombe. Nikimalize, au nimtumie mdogo wangu?

JIBU: Anapika pombe kwa sababu amenyang'anywa mke. Wazazi wa Bugonoka wamemchukua binti yao baada ya ndugu za mume kumsimanga kwa kukosa mtoto, na ili arudishiwe, Myombekere ametozwa faini ya pombe ya ndizi. Kwa hiyo kila ndizi inayokatwa, kila jirani anayeombwa msaada, kila mtungi unaojazwa ni hatua moja ya mwanamume anayemtembelea mke wake mwenyewe kama mchumba mpya. Katika sanduku lako lililojaa wanaume wanaopiga, wanaofungia, wanaokimbia na wanaojiua, huyu peke yake anakubali kufanya kazi miezi mizima kwa ajili ya mwanamke ambaye jamaa zake wanamwambia amwache. Nafikiri ndiyo sababu unaona hakuna kinachotokea.

Kitereza alikuwa mtu wa Ukerewe, kisiwa kilekile cha Kezilahabi, na vitabu vyao vikisomwa pamoja ni kama kisiwa kimoja kilichopigwa picha mbili, moja kabla na nyingine baada ya misheni, shule na fedha. Alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, na hakuna aliyekuwa tayari kuchapisha kitabu kikubwa hivyo kwa lugha yenye wasomaji wachache. Mwishowe alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, miaka thelathini na mitano baada ya kukikamilisha. Mzee alifariki mwaka uliofuata.

Usikisome kwa mwendo uliosomea Mzimu wa Watu wa Kale. Kiweke dukani, soma kurasa tano kwa jioni, na zile za dawa za mitishamba, uvuvi na kilimo zisome kama unavyosikiliza mzee anayekueleza kazi yake, jambo ambalo wewe kama fundi utalielewa kuliko wasomi wengi waliokwisha kukitaja bila kukimaliza. Ukifika mahali Bulihwali anapozaliwa, tuandikie tena, kurasa tisa au zaidi, na bei za vitambaa tutaziacha zibaki.